Bluu ya Bendera Yetu Ilitoka Unguja

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amewahi kuulizwa swali hili, na karibu kila mtu amelipata: rangi ya bluu katika bendera ya taifa inawakilisha nini? Bahari, maziwa na mito. Vema, alama moja. Kijani? Ardhi na mimea yake. Nyeusi? Watu. Njano, ambayo mwalimu mkali angekusahihisha useme dhahabu? Madini. Tuliyaimba majibu hayo mpaka yakakaa mahali pamoja na jedwali la kuzidisha, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitakujibu kabla sijafumbua macho.

Majibu hayo sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kwamba yanaruka swali linalotangulia: rangi hizi zilitoka wapi, na nani alizileta mezani? Hakuna mtu aliyekaa mwaka 1964 akatazama ramani, akaona Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, akasema basi na tutie bluu. Bluu iliingia kwa sababu Zanzibar ilikuwa nayo na Tanganyika haikuwa nayo. Maziwa na mito yalikuja baadaye, kama maelezo. Ukiisoma bendera yetu kwa jicho hilo, unakuta mkataba wa Muungano umeshonwa mle ndani, na ni rahisi kuusoma kuliko hati nyingi tulizowahi kuonyeshwa.

Lakini nianze mbali kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, na huku kwetu bendera zilishawahi kuua watu.

Kabla ya Mjerumani, bendera iliyojulikana Mrima wote, yaani pwani hii ya bara, ilikuwa nyekundu tupu. Haikuwa na nyota, wala mwezi, wala maandishi. Ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na ilipopepea juu ya nyumba ya liwali, mwakilishi wake mjini, mfanyabiashara aliyeshuka kutoka jahazini alijua ushuru unalipwa kwa nani. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ingesimamia pwani na kukusanya ushuru, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kwenye karatasi jambo lilikuwa limekwisha. Agosti mwaka ule, Pangani, ndipo lilipoharibika.

Mkuu wa kampuni pale alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe nyumbani kwa liwali. Liwali akakataa, na kwa mujibu wa mkataba alikuwa na haki ya kukataa. Nyundo akaomba msaada wa manowari, askari wakateremka, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa. Watu wa Pangani hawakuwa wakimpenda Sultani kiasi hicho. Wengi walimwona mtu wa mbali aliyeiuza pwani bila kuwauliza. Ila mlingoti uliokatwa mchana kweupe, na watu wanaangalia, ulimweleza kila mmoja kilichokuwa kinakuja kuliko vifungu vyote vya mkataba. Katika wiki chache pwani ikawaka, kuanzia Tanga hadi kusini, na Abushiri bin Salim akawa jina la vita. Wajerumani walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakufika mbali: tarehe 17 Agosti 1891 aliuawa Lugalo, karibu na Iringa, jeshi lake lilipovamiwa na Wahehe wa Mkwawa.

Ukienda Pangani leo, mto uko palepale, kivuko kinavusha watu na pikipiki kwenda Bweni, na nyumba za zamani zinaendelea kumeng'enyuka ukuta mmoja baada ya mwingine. Nimewahi kumuuliza mzee mmoja pale kijiweni mlingoti ule ulisimama wapi. Akanionyesha upande mmoja. Mwenzake akamkatiza akanionyesha upande mwingine, wakaanza kubishana wao kwa wao, nami nikaagiza kahawa nyingine.

Nyekundu ile ilikuwa na maisha marefu kuliko tunavyokumbuka. Agosti 27, 1896, Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Sultani Unguja ili kumng'oa Khalid bin Barghash, vita vilidumu chini ya saa moja, na mizinga ilinyamaza bendera ya jumba ilipoangushwa. Upande wa Kenya, ukanda wa maili kumi wa pwani ulihesabika kuwa mali ya Sultani aliyoikodisha kwa Mwingereza tangu 1895, na bendera nyekundu iliendelea kupepea Ngomeni Mombasa mpaka mwaka ule wa uhuru wao. Oktoba 8, 1963 ndipo ilipotiwa saini London kwamba ukanda ule ni wa Kenya moja kwa moja. Wazee wa Mombasa walioishi enzi hizo bado wanaweza kukueleza.

Bara, historia ya kitambaa ni fupi na safi zaidi. Mjerumani alikuwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu yake. Mwingereza alipochukua Tanganyika alitia kichwa cha twiga kwenye bendera ya koloni, na twiga ndiye pekee katika serikali ile tuliyemwacha abaki. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, ikaja na kijani, nyeusi, kijani, mistari mitatu ya kulala. Uhuru ulipokaribia, bendera ya chama ikawa bendera ya nchi, ikiongezewa mistari miwili myembamba ya dhahabu kuzunguka nyeusi. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, uwanjani Dar es Salaam, taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikateremshwa gizani, na taa zilipowaka ile ya kijani ilikuwa juu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda aliisimamisha bendera pamoja na mwenge kileleni Kilimanjaro.

Nyeusi ile inanipa mawazo kila mara. "Ni watu," tulijibu shuleni, na hatukuuliza zaidi, maana sisi tulioketi darasani tulikuwa weusi. Lakini Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya bendera kupanda, Bunge lilikuwa linabishana juu ya uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika kwanza. Nyerere alisimama akawakatalia kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kujenga uraia juu ya rangi ya ngozi. Katika serikali hiyohiyo Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alikuwa waziri, na Derek Bryceson, Mzungu, alikuwa waziri. Kwa hiyo mwaka uleule nchi ilikataa kuandika rangi ya ngozi katika sheria yake na ikaiweka katikati ya bendera yake. Sioni unafiki hapo. Naona chama kilichoanza kama sauti ya watu waliodharauliwa kwa weusi wao, kikajikuta kinaongoza nchi ya watu wa kila namna, na bendera ikabeba kumbukumbu ya kilikotoka. Siku hizi vitabu vingi vinasema "watu wa Tanzania", basi, na mtoto wa Kihindi wa Upanga anaimba na wenzake bila shida. Nyeusi imepanuka kimyakimya.

Dhahabu nayo ina kichekesho chake. Mwaka 1961 madini yaliyoipa Tanganyika jina yalikuwa almasi za Mwadui, ambazo ukizitazama hazina unjano. Tanzanaiti, hii ya samawati tunayojivunia mpaka jina, ilikuja kujulikana Mererani mwaka 1967, bendera ikiwa tayari imezoeleka. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo dhahabu yenyewe imeongoza madini yetu kwa fedha za kigeni, hivyo rangi ilikaa pale ikiusubiri ukweli uifikie. Kwa kijani sina la kusema. Tanganyika ya 1961 ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na kwa mtu wa Tanga kijani ni mkonge, hata kama kwa mtu wa Bukoba ni mgomba na kwa mtu wa Mwanza ni pamba. Kila mmoja achukue chake.

Sasa twende Unguja, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mambo.

Mfikirie mtoto wa shule aliyekuwa mjini Unguja mwishoni mwa mwaka 1963. Mwezi wa Novemba, bendera ya nchi yake ni ileile nyekundu tupu ya babu zake, pamoja na ya Mwingereza mlinzi. Desemba 10, 1963 Zanzibar inapata uhuru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Muhammad Shamte, na nyekundu inaongezewa duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya njano katikati. Ilikuwa bendera nzuri, na nasema hivyo bila siasa. Karafuu ndiyo iliyolisha visiwa, na hakuna nchi nyingine iliyowahi kuiweka kwenye bendera yake. Ilidumu siku thelathini na tatu.

Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Sultani akaondoka na jahazi lake la kifahari, akaishia Uingereza kwa zaidi ya nusu karne, na alifariki Oman mwishoni mwa 2024. Nyekundu ikatoka pamoja naye, na haijarudi tena kwenye bendera yoyote ya nchi hii. Serikali mpya ikapandisha bendera ya rangi tatu, nyeusi, njano na bluu, lakini kabla mafundi cherehani hawajaizoea ikabadilishwa. Mwisho wa Januari ikaja nyingine: bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Hizo zilikuwa rangi za Afro-Shirazi Party (ASP), chama kilichoshika madaraka baada ya Mapinduzi, ambacho bendera yake ilikuwa na mistari hiyohiyo na jembe. Bluu ilikuwa bahari inayovizunguka visiwa, nyeusi watu, kijani ardhi. Kisha Aprili nchi zinaungana, na tarehe 30 Juni 1964 inatoka bendera ya Muungano.

Hesabu mwenyewe: nyekundu, nyekundu ya karafuu, ile ya wiki mbili na ushei, ile ya ASP, na ya Muungano. Bendera tano ndani ya miezi saba. Mtoto yule hajamaliza mwaka wa shule, na ameshaamkia bendera tano. Bara tulikuwa nayo moja tangu uhuru. Nikiwasikia watu wa bara wanashangaa kwa nini Wazanzibari wanazijali sana bendera, kwa nini kila maskani pale mjini ina mlingoti wake na bendera ya chama chake, huwa najiuliza kama wanajua hesabu hiyo. Mtu aliyeona bendera tano zikipanda na kushuka, huku nyumba ya jirani ikifungwa na mjomba akipotea, hawezi kuitazama bendera kama pambo. Kwao ilikuwa habari ya asubuhi: nani yuko madarakani leo, na mimi niko upande gani.

Basi, Aprili 22, 1964 Nyerere na Karume wanatia saini Hati za Muungano, tarehe 26 unathibitishwa, na udongo wa pande mbili unachanganywa mbele ya watu. Udongo ukishachanganywa huwezi tena kujua upi ni wa wapi, nadhani ndiyo sababu picha ile ilipendwa. Kitambaa hakiko hivyo. Kwenye kitambaa kila kipande kinabaki na asili yake, na walioichora bendera walipaswa kuamua nini kinaingia na nini kinatoka.

Ziweke bendera mbili mezani. Ya Tanganyika: kijani, nyeusi, dhahabu. Ya Zanzibar: bluu, nyeusi, kijani. Kijani na nyeusi ni za wote, hakuna ubishi. Inabaki dhahabu, ambayo ni ya Tanganyika peke yake, na bluu, ambayo ni ya Zanzibar peke yake. Bendera ya Muungano ilichukua zote nne na haikuongeza hata moja ya tano. Hakuna rangi iliyobuniwa kwa ajili ya taifa jipya, wala hakuna iliyotupwa. Kwa upande wa rangi ule ulikuwa mgawanyo wa haki kabisa, na sijui mambo mengine ya Muungano yaliyogawanywa kwa usafi kiasi hicho.

Halafu kuna mpangilio. Bendera zote mbili za zamani zilikuwa na mistari ya kulala, na hapo pana mtego: mistari ikilala, lazima mmoja awe juu. Wakaugeuza mstari mweusi ukakatiza kwa mshazari, kuanzia chini upande wa mlingoti mpaka juu upande unaopepea, ukiwa na ukingo wa dhahabu kila upande. Kijani ikakaa pembeni juu, bluu ikakaa pembeni chini. Kwa macho yangu hiyo ndiyo busara kubwa ya bendera hii, na pia ndiyo inayoipa mwendo, kwa sababu ni bendera chache za Afrika zilizothubutu mshazari. Rafiki yangu mmoja wa Mkoani, Pemba, haafiki. "Busara gani, shehe?" aliniambia. "Kijani iko juu, imeshika mlingoti. Sisi tumewekwa chini, na upepo ukivuma sisi ndio tunaochanika kwanza." Nilimwambia kijani ni yao pia, ilikuwepo kwenye bendera ya ASP. Akacheka, akasema hayo nimweleze aliyeko juu.

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui. Bendera hii ni ya zamani kuliko jina la nchi. Juni 30 ilipotangazwa, nchi ilikuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania lilikuja Oktoba 29, 1964. Kwa miezi minne tulikuwa na kitambaa kilichokwisha kuunganishwa na jina ambalo bado lilikuwa na "na" katikati. Ukiangalia nembo ya taifa, bendera hiyohiyo imo ndani ya ngao, chini ya mwenge, na miguuni mwa mwanamume na mwanamke walioishika kuna karafuu upande mmoja na pamba upande wa pili. Mapatano ni yaleyale, safari hii kwa mazao. Karafuu iliyotolewa kwenye bendera ikapewa nafasi huko.

Yote haya niliyaelewa vizuri zaidi kwa fundi cherehani kuliko kwenye vitabu. Kuna fundi mmoja mtaani kwetu Ngamiani ambaye kila ukikaribia mwezi wa Aprili na wa Desemba hupata kazi za bendera, za ofisi na za shule. Siku moja nilikaa kwake nikisubiri suruali, naye alikuwa na bendera mezani. Mistari ya kulala, alisema, hata mwanafunzi wa wiki moja anaweza: unashona utepe kwa utepe, unanyoosha, basi. Mshazari ni balaa. Kitambaa ukikikata kwa mshazari kinavutika, kinakwenda kunakotaka chenyewe, na ukikishona kwa haraka bendera inakunjamana katikati kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Yeye hukata vipande vitano, viwili vya pembetatu, viwili vyembamba vya njano na kimoja cheusi, huvibana kwa pini nyingi kabla mguu haujagusa cherehani, na hupiga pasi kwa kukandamiza bila kuvuta. "Hii bendera inataka subira," alisema, pini mbili zikiwa mdomoni.

Aliniambia pia kosa analoliona kila mwaka. Bendera yetu ukiizungusha kichwa chini, ukaifunga kwa upande uliopaswa kupepea, ukanda mweusi unabaki palepale, unatoka chini kushoto kwenda juu kulia kama kawaida. Kilichobadilika ni rangi za pembeni tu: bluu imepanda juu, imeshika mlingoti, na kijani imeshuka. Mtu akipita haraka hawezi kugundua. Tangu aniambie nimekuwa mtu wa kukera, natembea nikikagua. Nimeiona imepinduka kwenye mlingoti wa ofisi moja ya umma nisiyoitaja, kwenye kava za madaftari, kwenye stika za bajaji zisizohesabika, na kwenye fulana za wapenzi wa mpira. Nilipomsimulia rafiki yangu wa Mkoani kuhusu ofisi ile alifurahi kweli. "Waacheni hivyohivyo," akasema. "Siku moja na sisi tushike mlingoti."

Pale ofisini nilimweleza mlinzi. Akaitazama, akanitazama, akaniuliza natoka wapi na nina kitambulisho. Nikaaga.

Maana upo upande mwingine wa bendera ambao hauna utani. Sisi tuliokulia miji midogo tunaujua kwa sauti. Saa kumi na mbili jioni, kituo cha polisi au kwa mkuu wa wilaya, filimbi inapigwa, na kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka, mama mwenye ndoo kichwani anasimama wima na ndoo yake, watoto wanaocheza mpira wanaugandisha chini ya mguu. Bendera inateremka taratibu, inakunjwa, filimbi inapigwa tena, na maisha yanaendelea kuanzia pale yalipokatikia. Mgeni asiyejua akiendelea kutembea ataitwa, na hataitwa kwa upole. Nilipokuwa mdogo niliiogopa filimbi ile. Sasa, Dar es Salaam, kwenye kelele za foleni, filimbi ikilia nadhani ni trafiki tu, hakuna anayesimama. Sijui kama nimeikosa kwa sababu ya bendera au kwa sababu ya zile dakika mbili ambazo mji mzima ulikuwa unafanya jambo moja.

Zanzibar ilikaa miaka arobaini na ushei ikiwa na bendera ya Muungano peke yake. Januari 9, 2005 ikapandisha tena ya kwake, wakati wa Rais Amani Karume, mtoto wa yule aliyetia saini mwaka 1964. Ni ileile ya bluu, nyeusi na kijani ya mistari ya kulala, ila pembeni juu upande wa mlingoti imewekwa bendera ya Tanzania, ndogo. Bara wapo waliokasirika, wakasema Muungano unavunjwa. Visiwani wapo waliokasirika pia, wakauliza kwa nini yao haiwezi kusimama bila ile ndogo pembeni. Kitu kinachowaudhi wote wawili kwa kipimo kinacholingana, mimi hukihesabu kuwa mapatano ya kweli. Na tazama namna rangi zilivyozunguka: bluu ya ASP iliingia bendera ya Muungano mwaka 1964, na mwaka 2005 bendera ya Muungano ikaingia ndani ya bluu ya ASP.

Pa kuziona bendera hizi mbili zikikutana ni kwenye mpira. Machi 2017 shirikisho la mpira la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55, watu wakacheza mitaani Unguja. Julai ileile likaifuta, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili. Lakini kwenye mashindano ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, Zanzibar inacheza kwa jina lake, na Desemba mwaka huohuo, huko Machakos, Kenya, Zanzibar Heroes ilikutana na Kilimanjaro Stars ya bara. Bara walikuwa chini ya bendera ya taifa. Zanzibar walikuwa chini ya yao, ambayo ile ya wapinzani imo pembeni. Zanzibar wakashinda mbili kwa moja, wakaenda mpaka fainali, wakafungwa na wenyeji Kenya kwa penalti.

Siku ya ile mechi ya bara na visiwani nilikuwa kibanda umiza hapa Tanga, nimekaa jirani na muuza duka wa Kipemba ambaye ameishi mtaani kwetu tangu mimi niko chekechea. Mpira ulipokwisha vijana wa kwetu walikaa kimya, na mmoja akamgeukia akamuuliza kwa hasira kidogo: "Sasa babu, wewe umeshinda au umeshindwa?" Babu akavaa viatu vyake taratibu, akasema ameshinda mbili, halafu akafikiri, akaongeza kwamba na lile moja la bara lake pia.